TAHADHARI: Oili ya dizeli inayouzwa kwenye kirikuu huku Mbarali

Wenye matrekta na madereva, kuanzia Rujewa hadi Ubaruku, someni hii kabla hamjabadilisha oili. Kuna jamaa anazunguka mashambani na kirikuu, anauza madumu ya lita 20 yenye maandishi makubwa 15W-40, bei chini kabisa ya ile ya dukani. Ukimuuliza anasema ni mzigo wa Tunduma, haukulipiwa ushuru. Msinunue.

Jirani yangu aliiweka kwenye Massey Ferguson 375 yake asubuhi, trekta likaingia shambani na plau. Injini ilipopata moto, taa ya oili ikawa inawaka kila dereva akishusha resi. Kijana akadhani ni waya. Jioni injini ikanoki. Fundi alipofungua chini akakuta beringi za krenki zimekwanguka hadi shaba inaonekana. Msimu umeanza, trekta liko juu ya magogo, na watu waliokwisha kulipia kulimiwa wanadai hela zao. Inauma sana.

Dumu la pili lilikuwa halijaguswa, tukalikagua. Pete ya kizibo imegandishwa kwa gundi. Oili yenyewe nyepesi mno, inanuka dizeli, na chini kuna tope. Hiyo ni oili chafu ya gereji iliyochujwa na kurudishwa dumuni.

Tukageuza nyuma ya dumu: limeandikwa API SF, basi (API ni alama ya kiwango cha ubora wa oili). Hapa wengi wetu tunapigwa hata kwenye maduka halali, maana tunasoma 15W-40 tu. Namba hiyo inaeleza uzito wa oili, haisemi ni ya injini gani. Tafuteni herufi zinazofuata API. S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli: CF-4, CH-4, CI-4. Zikiwepo zote mbili, mfano CI-4/SL, sawa, ilimradi kiwango cha C ndicho kinachotajwa kwenye kitabu cha trekta lako. Oili ya petroli tupu haina dawa ya kutosha kubeba masizi ya dizeli. Na dumu lenye picha ya trekta lisikudanganye: nyingine, zinazoandikwa UTTO, ni za gia na haidroliki, hazifai kwenye injini.

Msipime kwa rangi. Oili nzuri ya dizeli nayo huwa nyeusi baada ya saa chache za kazi, ndiyo masizi inayoyabeba. Vuteni kijiti mnuse, mwangalie wepesi wake.

Aliyekwisha kuiweka asiwashe tena. Mwaga yote, badilisha na filta, kisha weka oili ya duka linalotoa risiti. Dumu msilitupe wala kulisafisha, lebo ibaki: sisi letu tunalipeleka TBS na Tume ya Ushindani, na madumu mengi yataongeza uzito wa malalamiko. Mwenye picha ya namba za kirikuu hicho anitumie inbox leo.