Pikipiki za zamani za Kitaliano kwa mtu wa Tabora na Kigoma: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Anayependa pikipiki ya zamani ya Kitaliano akiwa huku kwetu ana swali moja zito kuliko bei: siku itakapozima, nani ataifungua? Boxer ikigoma pale Isevya, fundi wa chini ya mwembe anaimaliza siku hiyohiyo na spea anazifuata dukani kwa miguu. Moto Guzzi ya mwaka 1980 haina duka la spea Tabora wala Kigoma. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho. Ya kwanza ni ile ambayo fundi wetu anaweza kuifungua kwa spana alizonazo, akaielewa na kuirudisha, huku spea zake zikiagizika bila kukufilisi. Mwendo, sauti na jina vinakuja baadaye, hata kama ndivyo vinavyotufanya tuzitamani.

1. Vespa PX, iwe ya 125, 150 au 200

Hii naiweka juu bila kusita. PX ilitoka mwaka 1977 kwa Piaggio wa Pontedera, na ukoo wake unaanzia 1946, kwenye Vespa ya kwanza iliyobuniwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege. Ila kilichoipa namba moja kwangu kinatoka India. Bajaj walianza kuunda skuta za Piaggio kwa leseni miaka ya 1960, na LML baadaye wakaunda skuta ambayo sehemu kubwa ya vifaa vyake ni vya PX. Ndiyo maana hadi leo pistoni, ringi, sili, sahani za klachi na nyaya za gia zinatengenezwa kwa wingi na bei yake inavumilika. Hata bajaji tunazopanda kwenda sokoni zimetokana na Ape, gari la magurudumu matatu la Piaggio hao hao. Fundi aliyewahi kufungua bajaji ya zamani ya injini ya tustroki hatakutana na kigeni kingi ndani ya PX.

Haina cheni. Injini imekaa ubavuni mwa gurudumu la nyuma na inalizungusha kwa gia zilizofichwa ndani ya oili, kwa hiyo vumbi letu jekundu halipati cha kutafuna. Tairi ni 3.50-10, na nafasi ya gurudumu la akiba ipo chini ya ubavu wa kushoto. Rimu ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati, hivyo pancha inazibwa bila kuhangaika na vyuma vya kubandulia tairi. Hapa sikiliza vizuri, na umwambie na kijana wa pancha: toa upepo wote kwanza, ndipo mguse nati zinazoshika vile vipande viwili. Rimu ikiachana tairi likiwa na upepo, inaweza kuvunja mkono au kuua mtu.

Petroli yake huchanganywa na oili ya tustroki kwa asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita. Tangi lina takribani lita 8, basi likijaa ni mililita 160. Baadhi ya PX zina kitangi cha oili kinachochanganya chenyewe. Kama ni hiyo, hakikisha kinafanya kazi kweli kabla hujakiamini. Watu wa Kigoma hawatafuti oili ya tustroki mbali, kwa sababu injini nyingi za boti za Kibirizi na Ujiji zinaitumia. Lakini oili ya boti mara nyingi huandikwa TC-W3, nayo imeundwa kwa injini inayopozwa kwa maji. Vespa hupozwa kwa hewa na joto lake ni kali zaidi. Soma chupa, tafuta iliyoandikwa JASO FC au FD. Oili ya kawaida ya injini ya gari usiichanganye kamwe.

Tabora tuko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na plagi huwa na tabia ya kutoka nyeusi. Fundi atakushauri mbadilishe jeti ya kabureta iwe ndogo. Nendeni polepole. Tustroki ya hewa ikinyimwa petroli inachemka na pistoni inang'ang'ania kwenye silinda ukiwa mwendoni. Plagi ya kahawia iliyokolea inatosha, usitafute nyeupe.

Unapokagua PX, inua mkeka wa miguuni. Mwili wake ni bati lililokandamizwa na ndio chesesi yenyewe, kwa hiyo kutu ya pale haizibwi kwa rangi. Piga kwa ncha ya bisibisi. Bati likitoboka, ondoka. Kisha iendeshe kwa gia ya pili, kaza mafuta ghafla na uachie. Ikiruka gia, ile krosi ya kuchagulia gia imelika na injini itapasuliwa nusu mbili. Moshi mweupe mzito unaonuka oili ya gia ni sili ya upande wa klachi. Nayo inataka injini ipasuliwe. Makosa haya yote mawili yanatengenezeka na spea ni rahisi, basi yatumie kushusha bei badala ya kukimbilia mlangoni. Breki ya mbele ni dramu dhaifu, mpaka zilipoanza kutoka zenye diski mwaka 1998. Ukipata ya diski, ongeza hela kidogo uichukue.

Mpaka wake ni njia. Gurudumu la inchi 10 halifai kwenye mchanga wa kuelekea vijijini Sikonge, wala kwenye udongo wa mbuga masika yakikolea. Vespa ni ya mjini na ya lami, na kwa mtu anayetoka Cheyo kwenda kazini na kurudi, sijui kitu cha Kitaliano kinachoizidi. Lambretta, skuta nyingine ya Kitaliano, nayo inavumilika kwa sababu ileile ya India, maana mitambo yake ilihamia Lucknow baada ya Innocenti wa Milano kuacha kuiunda, ila PX ni rahisi zaidi kuitunza.

2. Moto Guzzi ndogo: V50 na V65 za valvu mbili kwa silinda

Kama safari zako ni za Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza mpaka Kigoma, basi hii ndiyo pikipiki yako. Lami imeongezeka sana kwenye njia hiyo, na Guzzi ndogo inaila kwa utulivu ambao pikipiki za sisi 150 hazina.

Moto Guzzi walianza mwaka 1921 Mandello del Lario, kando ya Ziwa Como, na bado wapo palepale. V50 ilitoka mwaka 1977 ikiwa na sisi 490. V65 ilifuata miaka ya 1980 ikiwa na sisi 643. Silinda mbili zimechomoza moja kushoto na nyingine kulia, na umbo hilo linamfaa fundi wetu kuliko kitu chochote nilichokiona kwenye pikipiki kubwa. Unakaa kwenye kigoda, unafungua kifuniko cha valvu ambacho kiko mbele ya macho yako, unarekebisha tapeti kwa spana, bisibisi na fila, yale mabati membamba ya kupimia nafasi. Hakuna tangi la kushusha, hakuna rejeta, hakuna maji. Nati zote ni za milimita, sawa na spana za kwenye boksi la fundi wa Boxer.

Nguvu inaenda nyuma kwa propela, kama gari. Watoto watakuuliza cheni iko wapi. Oili unabadilisha sehemu tatu, yaani injini, giaboksi na difu ya nyuma, na wengi wanaosahau ni hiyo difu. Unapokagua, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, shika gurudumu la nyuma ulizungushe mbele na nyuma kidogo. Mchezo mdogo ni wa kawaida. Kishindo cha chuma kwa chuma kinamaanisha krosi ya propela au meno ya shafti yamechoka, na hizo spea zitatoka Ulaya. Klachi ni kavu, nayo kuibadilisha kunataka sehemu yote ya nyuma itolewe. Ikiwa inateleza wakati wa majaribio, hesabu hiyo kazi kwenye bei.

Breki zake zinahitaji uzizoee. Pedali ya mguu inashika diski ya nyuma pamoja na diski moja ya mbele. Kwenye lami ni raha. Kwenye changarawe, mtu aliyezoea kukanyaga breki ya nyuma ili apunguze mwendo anajikuta gurudumu la mbele limeteleza. Jifunze mahali peupe kwanza, kabla ya kubeba abiria.

Magurudumu ya V50 ni ya inchi 18, na utashawishiwa kuvalisha tairi za pikipiki za Kichina zenye inchi hizohizo. Usikubali. Guzzi ina karibu kilo 160 kabla ya petroli na mtu, na mwendo wake ni mkubwa. Soma namba ya uzito na herufi ya kasi pembeni ya tairi.

Ikimbie V65 Lario na ndugu zake wa katikati ya miaka ya 1980 wenye valvu nne kwa kila silinda. Zinavutia kwa macho, lakini valvu zake zina sifa mbaya ya kukatika, na kipande cha valvu kikiingia ndani, injini imekwisha.

3. Aprilia Pegaso 650 ya kabureta

Kwa njia mbaya, hii inazishinda zote. Shokapu ni ndefu, gurudumu la mbele ni la inchi 19, na injini ya silinda moja imetoka kwa Rotax wa Austria. BMW F650 ya wakati huo iliundwa na Aprilia hao hao kule Noale, ikiwa na injini ya ukoo mmoja, kwa hiyo spea kadhaa za ndani zinatafutika kwa majina mawili. Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu ina maji: rejeta, feni, hozi na pampu, vyote vya miaka mingi. Hozi zote zibadilishwe siku ya kwanza, na feni ijaribiwe pikipiki ikiwa imesimama inaunguruma juani. Chagua ya kabureta. Zile za mfumo wa sindano zinataka kifaa cha kusoma kompyuta yake.

4. Moto Guzzi kubwa

T3, California na wenzake ni imara na zina raha ya safari ndefu. Uzito wake unazidi kilo 200 na ikikuangukia kwenye matope ya Kasulu peke yako utasubiri wapita njia. Kuna jambo moja la kuuliza kabla ya yote: silinda ni za aina gani? Nyingi za miaka ya 1970 zilipakwa kromu kwa ndani, na kromu hiyo hubanduka kwa uzee; vipande vinaingia kwenye oili na kula beringi. Kama muuzaji hana uthibitisho kwamba silinda zilibadilishwa, weka gharama hiyo kwenye hesabu. Hata pikipiki iliyotembea kidogo haikwepi, kwa kuwa kukaa bila kutumika nako kunaibandua.

5. Ducati Monster ya hewa, na Cagiva Elefant

Najua ndiyo wengi mnayoitaka. Monster ilianza 1993, nayo Elefant, yenye injini ya Ducati, ilishinda mbio za Paris–Dakar mwaka 1990 ikiendeshwa na Edi Orioli. Injini ni nzuri mno na kabureta za Monster za mwanzo ni Mikuni ya Kijapani. Tatizo lake ni matunzo. Mikanda ya taimingi inabadilishwa kila miaka 2 hata kama pikipiki imelala ndani, kwa sababu raba inazeeka. Ukikatika, valvu na pistoni vinagongana. Valvu zake hufungwa kwa kulazimishwa na kidole cha pili badala ya springi, kwa hiyo kila silinda ina vipimo vya kufungua na vya kufunga, na vyote hurekebishwa kwa vipande vya chuma vya unene maalumu. Kama hujapata fundi aliyeifanya kazi hiyo, hujapata Ducati ya kuendesha Tabora. Muuzaji akisema mikanda ni mipya, aonyeshe risiti yenye tarehe.

Laverda, MV Agusta na Ducati za kabla ya mikanda ziacheni kwa wenye karakana zao. Moto Morini 3½, ya sisi 344 na gia sita, ichukue ikiwa nzima na inawaka. Ya kufufua hapana.

Kabla ya kutoa hela

Nzima mbovu ni bora kuliko nzuri pungufu. Pikipiki yenye kila kitu, hata ikiwa imechakaa, fundi ana mfano wa kufuata na anaweza kupeleka kifaa kwa mchonga vyuma. Ikikosa kabureta moja ya Dell'Orto au kifuniko cha pembeni, utatafuta miezi. Weka theluthi ya bajeti yako pembeni kwa ajili ya mwaka wa kwanza, na agiza kwa mkupuo mmoja: sili, gasketi, nyaya zote, raba za breki, regileta ya chaji. Mizigo midogo midogo ndiyo inayokula hela ya usafirishaji.

Taa ya mbele wachache wanaiangalia. Italia wanaendesha kulia, na taa yao ikishushwa inamulika zaidi upande wa kulia. Kwetu ndiko anakotoka mwenzako. Usiku, barabara ya Nzega, utamtia upofu dereva wa lori. Badilisha kioo cha taa, au nunua iliyotoka Uingereza ambako wanaendesha kushoto kama sisi.

Ukiagiza kutoka nje, pata makadirio ya ushuru TRA kabla hujamlipa muuzaji, maana wao wana thamani yao na pikipiki inayosubiri bandarini inalipiwa kukaa. Ukinunua iliyopo nchini, piga magoti usome namba ya chesesi na ya injini mwenyewe, uzilinganishe na kadi. Namba iliyochongwa upya, au kadi yenye jina la mtu ambaye muuzaji hawezi kumpigia simu mbele yako, inatosha kukurudisha nyumbani na hela zako.