Gitaa la besi la bei nafuu: lipi ununue, na la bei ghali linalizidi kwa nini

Tuanze na jibu: kwa kwaya, bendi ya mtaani au kurekodi nyumbani, besi ya chini ya dola 300 iliyorekebishwa vizuri inatosha. Anayecheza ukumbini hatajua tofauti. Wewe mpigaji utaijua, tena zaidi mkononi kuliko sikioni.

Namba moja kwangu ni Yamaha TRBX174. Ina pikapu (sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi) za aina mbili, ile ya Precision na ile ya Jazz, besi mbili maarufu za kampuni ya Fender, na haitumii betri. Hilo la betri si dogo: kaka yake TRBX304 anahitaji ya volti 9, na ukizoea kuacha jeki ya waya imechomekwa, betri inaisha taratibu, na siku moja huna sauti ibadani.

Ya pili ni Squier Affinity. Squier ni ya Fender yenyewe, hivyo umbo ni lilelile la Precision ya 1957 au Jazz ya 1960. Mwenye vidole vifupi achukue Jazz, shingo yake ni nyembamba pale juu, kama milimita 38. Ibanez GSR200 naiweka ya tatu. Ni nyepesi begani, ila sauti yake hainikoshi. Zisizo na jina, zinazouzwa pamoja na begi na kiampu cha kuchezea, ziache hapohapo dukani.

Kabla ya kulipa, pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zikikukwaruza, zinataka tupa. Zungusha vitufe vyote ukisikiliza mikwaruzo. Kisha gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige. Ukandamize palepale, upige tena. Kwenye tyuna, kifaa cha kupimia noti, zote mbili zilingane. Zikipishana kidogo usiikimbie, fundi anasogeza kwa bisibisi vishikio vya nyuzi kwenye daraja, kile chuma zinapoishia nyuzi, kazi ya dakika chache. Shingo iliyojipinda kama parafujo ndiyo ya kukimbia, hiyo haina dawa ya bei nafuu.

Fender ya Marekani ya zaidi ya dola 1,500 inakupa freti zilizosuguliwa vizuri, vigingi vya kukazia nyuzi visivyolegea, na bei isiyoporomoka sana siku ukiiuza. Mwenye kazi ya kila wikendi hotelini aifikirie, au aangalie Fender aina ya Player, inayotengenezwa Mexico, karibu nusu ya bei hiyo. Anayeanza hana haja nayo. Sauti haitokani na vifaa vipya tu: James Jamerson, mpigaji besi wa kampuni ya muziki ya Motown huko Marekani, alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi hadi zikatike, na sauti ile bado inaigwa hadi leo.

Pesa inayobaki ipeleke kwenye amplifaya. Spika ya inchi 10 au 12, maana ndogo zaidi ya hapo uzi wa E, ule mnene wa sauti ya chini kabisa, unakoroma tu, hata ukichomeka Fender.