Kadi za mkono za Ngamiani, Tanga: mkunjo safi, bahasha bado

Mwenye shughuli ya ubatizo, Kipaimara, harusi au jubilei ya ndoa Tanga mjini ana njia tatu za kualika watu. Anaweza kurusha kadi ya kidijitali kwenye WhatsApp. Anaweza kununua kadi za kiwandani kwenye stesheneri, zile zenye nukta za kujazia jina la mgeni. Au anaweza kuagiza kadi za mkono, na hizo ndizo tunazozipitia hapa: zinakatwa, zinakunjwa, zinabandikwa na kuandikwa majina na kikundi cha akina mama wanaofanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba moja Ngamiani. Hawajatundika kibao. Wateja huelekezana wakitoka ibadani, na hivyo ndivyo utakavyowapata.

Kwa kifupi: kadi zao ndogo zinastahili kila senti. Kadi kubwa ziagize kwa masharti. Bahasha zao usizichukue kabla hujapitisha rula.

Tuanze na karatasi, maana hapo ndipo wanapowazidi wengi. Kadi ndogo ya kawaida wanaikata kwenye karatasi ngumu ya A4 ya gramu 250 (huo ni uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi). A4 moja ikikatwa katikati inatoa A5 mbili, na kila A5 ikikunjwa inakuwa kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148. Gramu 250 ni uzito sahihi kwa kipimo hicho. Gramu 160 hulegea hewa ya pwani ikiingia unyevu, na kadi iliyosimamishwa mezani huanza kuinama kama mtu aliyeshikwa na usingizi. Gramu 300 husimama vizuri, ila printa nyingi za stesheneri huikwamisha, na ikikunjwa vibaya hupasuka.

Kupasuka kwenye mkunjo ndiyo kasoro kubwa ya kadi za mkono popote, na chanzo chake si mkono mzito. Karatasi ina nyuzi, na kiwandani nyuzi hizo hulala upande mmoja. Ukikunja kwa kufuata nyuzi, mkunjo unakuwa laini. Ukizikata nyuzi kwa mkunjo, uso wa karatasi unachanika na weupe wa ndani unaonekana, hasa kwenye manila ya rangi iliyoiva. A4 nyingi nyuzi zake hufuata urefu, ule upande wa milimita 297. Ukiikata kuwa A5 kisha ukaikunja kuwa A6, mkunjo unafuata nyuzi. Lakini ukiikunja A4 nzima mara moja upate kadi kubwa ya A5, mkunjo unazikata nyuzi zote. Ndiyo maana kadi ndogo za kikundi hiki ni safi kama zimetoka kiwandani, na zile kubwa za jubilei zina mstari mweupe mgongoni.

Dawa ipo, na wana uwezo nayo. Kadi kubwa isikatwe kwenye A4. Ikatwe kwenye manila kubwa, ile inayouzwa shiti nzima, na wakatao wageuze kipimo ili nyuzi zilale sambamba na mkunjo. Kujua nyuzi zimelala wapi ni rahisi: pinda shiti taratibu kwa urefu bila kuikunja, kisha kwa upana. Upande unaokubali kupinda bila ubishi ndio unaofuata nyuzi. Kama hukuridhika, kata kipande kidogo cha mraba, lowesha upande mmoja, uangalie kinavyojiviringisha: mhimili wa lile bomba ndio mwelekeo wa nyuzi. Ukiagiza kadi kubwa, waambie hivyo kabla hujatoa malipo ya awali. Wataelewa mara moja.

Namna yao ya kukunja hatuna la kulalamikia. Wanapiga mstari kwanza kwa kalamu iliyoisha wino na rula ya chuma, mara mbili, bila kukandamiza mpaka karatasi ikachanika. Kisha wanakunja ule mfereji uliochorwa na kalamu ukibaki nje na tuta la upande wa pili likiingia ndani. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa karatasi inaonekana kama inataka kufunga kuelekea kwenye mfereji. Ukiufuata mwelekeo huo, tuta linabaki nje, nyuzi zinavutwa na mkunjo unachakaa mapema. Mwisho wanasugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko kupitia juu ya kipande cha karatasi safi, ili manila isiachwe na alama ya kung'aa.

Gundi ndiyo inayotofautisha kadi ya siku moja na kadi ya kuwekwa kwenye albamu ya familia. Kikundi kinatumia gundi nyeupe ya maji, ile ile ya mafundi seremala. Inashika kweli, lakini maji yake huingia kwenye karatasi, karatasi inavimba, na ikikauka inabaki na mawimbi. Kwenye kadi za tabaka moja wameliepa tatizo hili vizuri: wanapaka kwa brashi, safu nyembamba, wanalaza kadi katikati ya karatasi safi, wanaweka vitabu vizito juu na kuziacha mpaka kesho yake. Kwenye kadi za tabaka tatu, oda ikiwa kubwa, haraka inaonekana. Tabaka la juu linakuwa limepakwa uso mzima na kubanwa muda mfupi, kwa hiyo pembe zinainuka. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, hali huwa mbaya zaidi kwa sababu gundi haikauki, na Pasaka nayo huangukia humo humo.

Kwa tabaka za mapambo, omba watumie selotepu ya pande mbili badala ya gundi ya maji. Haina maji, haivimbishi karatasi, na kazi inakwenda kwa kasi. Kasoro yake ni kwamba ukishagusisha, hakuna kurekebisha; anayebandika ni lazima aanze na pembe moja akiwa ameshaweka alama ya penseli. Tabaka la juu lipungue milimita 4 kila upande kuliko la chini yake. Likipungua milimita 2 tu, jicho linaona kosa dogo la kukata ambalo kwenye milimita 4 lisingeonekana.

Karatasi ya ndani, yenye maneno ya mwaliko, wameibandika inavyotakiwa: mstari mmoja mwembamba wa gundi kandokando ya mkunjo, upande wa nyuma tu. Kuna wanaodhani ni uvivu na kutaka ibandikwe yote. Wasiwalazimishe. Karatasi ya gramu 80 na manila ya gramu 250 hazivuti unyevu sawasawa, na zikibandikwa uso kwa uso moja huivuta nyingine, kadi inapinda.

Jambo moja la kuwauliza ni kama wanatumia uji wa unga kubandikia maua ya karatasi. Uji wa muhogo au wa ngano ni gundi nzuri, ya bei nafuu na haimeti. Lakini mende wanaupenda, na kadi zikikaa kabatini hutafunwa kuanzia kwenye maua. Matone machache ya mafuta ya karafuu kwenye uji uliopoa huuzuia kuota ukungu. Mende hawatishiki na karafuu peke yake, kwa hiyo kadi za kumbukumbu zihifadhiwe kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana.

Pambo wanalojulikana nalo ni kamba ya mkonge. Badala ya utepe wa plastiki wanafunga kamba nyembamba iliyosokotwa, fundo moja mbele, na juu yake msalaba wa manila au njiwa. Kadi inapendeza, na inakuwa ya Tanga kweli. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, ukaanza kupandwa upande wa Pangani kutoka miche michache iliyonusurika safarini, na mkoa huu ukajulikana kwa zao hilo. Kuuona kwenye kadi ya Kipaimara cha mtoto aliyezaliwa Muheza au Korogwe ni jambo lenye maana kuliko lulu za plastiki.

Hata hivyo mkonge una tabia zake. Kamba isiyochomwa vinyweleo huangusha nyuzi ndani ya bahasha na kukwaruza wino. Inatosha kuipitisha upesi juu ya mwali wa mshumaa kabla ya kuifunga, mbali na karatasi. Fundo likikazwa sana linachimba kadi na kuikunja ubavuni. Likiwa nene mno linaleta taabu Posta, na hilo tutalirudia kwenye bahasha.

Kadi zao za kufunguka, zile ambazo ukifungua kanisa dogo linainuka, ndizo zinazowavutia watoto wa Komunyo ya Kwanza. Hesabu ya mkato wake haisamehe. Kwenye kadi ya A6 inayofunguka kwenda juu, kila ukurasa una kimo cha milimita 105. Mikato miwili inayoanzia kwenye mkunjo, ile inayotoa kisanduku cha kubebea kanisa, isifike nusu ya kimo hicho, yaani milimita 52.5, kwa sababu kadi ikifungwa kile kisanduku hujikunja na kufika mara mbili ya urefu wa mkato. Milimita 45 ni salama. Kikundi kinaujua mkato wa kisanduku, lakini mnara wa kanisa unaobandikwa juu yake wanausahau kwenye hesabu, na baadhi ya kadi msalaba unachungulia nje kadi ikiwa imefungwa. Funga kila moja na uiangalie kabla ya kuondoka nayo.

Majina ni eneo lao la nguvu. Wana mwandiko wa kuheshimika, na kwenye manila nyeusi au ya zambarau hutumia kalamu nyeupe ya jeli ambayo haififii. Wapelekee orodha iliyoandikwa kwa herufi kubwa, cheo kikitangulia: Mchungaji, Padre, Katekista, Mzee wa Kanisa, Alhaji, Mwalimu. Tanga majirani hualikana bila kujali nyumba ya ibada, na kukosea cheo cha mzee kunaumiza kuliko kukosea herufi. Onyesha pia nani amealikwa peke yake na nani na mwenzake, maana wahudumu wa mlangoni ukumbini husoma kadi. Aya ya Biblia waandikie yote, neno kwa neno, pamoja na kitabu, sura na mstari. Ukiwatajia mstari tu, tafsiri watakayonakili inaweza isiwe ile inayosomwa kanisani kwenu.

Maneno ya ndani huyachapisha stesheneri. Sisitiza printa ya tona, yaani ya wino wa unga, kwa kuwa wino wa maji wa printa nyingi za nyumbani huchuruzika kwa jasho la vidole. Tona ina sharti moja: rangi isipite juu ya mkunjo, itabanduka. Na kwenye karatasi yenye mikwaruzo ya pambo, tona haishiki mabondeni, herufi zinatoka na matundu.

Bahasha sasa. Wanazitengeneza wenyewe kwa karatasi ya kaki au nyeupe, na ni nadhifu kwa kuziangalia. Kasoro ni kwamba wanazipima kwa kadi tupu, kabla ya tabaka na kamba. Bahasha ya kawaida ya C6 ni milimita 114 kwa 162, nafasi ya kutosha kwa kadi ya A6 yenye unene kidogo. Za kwao zinaibana kadi kiasi kwamba ukiichomoa, pembe ya tabaka la juu inainuka. Ongeza unene wa kadi na milimita 5 zaidi kwenye kila kipimo ndipo wakate. Kama hawatabadilisha, chukua kadi kwao na bahasha za C6 dukani. Zile za gundi ya kulamba ziwekewe ukanda wa karatasi ya nta chini ya mfuniko mpaka siku ya kuzitumia; unyevu wa Tanga huzifunga zenyewe zikiwa tupu.

Kwa kadi ya kutuma kwa Posta, fundo na mapambo yakae chini kushoto. Stempu hukaa juu kulia, na muhuri hugongwa hapo. Ukigongwa juu ya fundo bahasha inatoboka. Barua zetu nyingi huishia kwenye sanduku, kwa hiyo andika S.L.P., na kwa ndugu asiye na sanduku, tumia la parokia au usharika wake kwa ruhusa ya ofisi, jina lake likitangulia. Kadi iliyovaa lulu na kamba ipimwe dirishani kabla ya kununua stempu. Kadi tupu ya A6 ya gramu 250 ina takriban gramu 8, ila mapambo na bahasha huongeza haraka. Kadi nyingi za kwenda Dar es Salaam ni nafuu kuzifunga pamoja, katikati ya vipande viwili vya boksi na ndani ya nailoni, zikapanda basi hadi kwa ndugu mmoja atakayezigawa. Zile za kanisa linaloinuka zipeleke kwa mkono. Uzito wa vifurushi vingine huzilaza na hazisimami tena wima.

Bei hupanda kwa tabaka, na kadi ya tabaka moja haizidi sana soda mbili. Tabaka mbili, kamba ya mkonge na jina kwa mkono ndiyo oda tunayoipendekeza. Peleka wiki tatu kabla, na wakati wa masika ongeza wiki moja ya kukaushia. Omba kadi moja ya mfano kwanza, ilaze usiku mzima karibu na dirisha lililo wazi. Ikiamka imenyooka na pembe zimeshika, waruhusu waendelee na zilizobaki.