tlmgr: uzoefu wangu wa kuweka na kuondoa pakeji za LaTeX kwenye teminali

Napanga vitabu na tasnifu kwa LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa kwa kuandika amri, na pakeji zote (nyongeza zinazoipa LaTeX uwezo mpya) naziweka na kuziondoa kwa tlmgr, programu inayokuja na TeX Live, kifurushi chenye LaTeX na vifaa vyake. Naipenda, na sababu kubwa ni bando. TeX Live kamili inakula gigabaiti kadhaa, na kwa anayenunua intaneti ya wiki hilo si jambo dogo. Kwa hiyo wakati wa kusakinisha nachagua scheme-basic, usakinishaji mdogo wa msingi, kisha naongeza ninachohitaji tu. Kabla ya kuongeza chochote naandika:

tlmgr option docfiles 0
tlmgr option srcfiles 0

Hapo pakeji zinashuka bila miongozo wala msimbo chanzo. Mwongozo wa TikZ, ya kuchorea michoro, peke yake una kurasa zaidi ya 1,000, na unasomeka mtandaoni siku ukiuhitaji.

Utamu wa tlmgr unauona pale waraka unapogoma. Mteja analeta mswada wenye michoro, LaTeX inasimama na kusema: File `tikz.sty' not found. Ukiandika tlmgr install tikz hupati kitu, maana hakuna pakeji ya jina hilo. Unauliza hivi:

tlmgr search --global --file /tikz.sty

Jibu linakuja: pgf. Unaandika tlmgr install pgf, na mchoro unatokea. Ndivyo ilivyo pia kwa tabularx.sty, ambayo imo ndani ya tools, na algorithm.sty iliyo ndani ya algorithms. Kama ningeambiwa nimfundishe anayeanza amri moja tu, ningemfundisha hiyo ya kutafuta.

Kuondoa kunataka utulivu zaidi. Ukiondoa pakeji moja kwa tlmgr remove, zile ilizozitegemea zinabaki palepale. Ukiondoa mkusanyiko mzima (collection, yaani kundi la pakeji), pakeji zake zinaondoka nao, isipokuwa zile ambazo mkusanyiko mwingine bado unazihitaji. Na ukitaka kutoa pgf huku collection-pictures, mkusanyiko wa pakeji za michoro, ipo, tlmgr inakataa na kukutajia anayeihitaji. Nafurahia sana ukali huo. Ipo --force ya kulazimisha, lakini mimi naanza na --dry-run, inayoonyesha tu bila kuondoa, nasoma orodha ya vitakavyoondoka, ndipo naamua.

Walioweka TeX Live kwa apt, amri ya kusakinisha programu kwenye Debian au Ubuntu (aina za Linux), waendelee na apt. Huko TikZ imo kwenye texlive-pictures. Kuchanganya apt na tlmgr kwenye mashine moja sishauri kabisa.

Kinachonikera ni seva ambako pakeji zinashushwa. Usipochagua mwenyewe, mirror.ctan.org inakuchagulia, na unaweza kuangukia iliyo mbali inayokokota. Tafuta iliyo nyepesi kwako, uiweke kwa tlmgr option repository.

Kingine ni mwaka kugeuka. Toleo jipya likitoka, tlmgr ya mwaka uliopita haikubali tena kuchukua pakeji kwenye hazina mpya, na wengi hudhani mashine imeharibika. Dawa ni kusakinisha toleo jipya kando ya la zamani, kwa kuwa kila mwaka una folda yake ndani ya /usr/local/texlive. Kabla ya kuhama, hifadhi majina ya pakeji zako:

tlmgr info --only-installed --data name > orodha.txt

Kwenye toleo jipya andika tlmgr install $(cat orodha.txt). Nyaraka zako zikishapita zote, futa folda ya mwaka wa zamani, diski ipumue.