Albamu ya kwanza ya Wet Leg: uzoefu wangu

Utamu wa albamu hii uko kwenye sauti isiyocheka. Rhian Teasdale, mwimbaji wa bendi hii ya Wet Leg, anatoa matusi, mizaha ya chumbani na vijembe kwa wapenzi wa zamani kwa sauti kavu na tulivu, huku gitaa la Hester Chambers likimfuata bila papara. Aliyezoea mipasho ya taarabu ataingia haraka, ila hapa fumbo ni jepesi: anayepigwa anapigwa usoni.

Wet Leg wanatoka kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Albamu inabeba jina la bendi na ilitoka Aprili 8, 2022 kupitia lebo ya Domino: nyimbo 12, dakika kama 37. Sehemu kubwa imetayarishwa na Dan Carey. Ilishika namba moja Uingereza, na mwaka 2023 ikapata Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala. Nataja tuzo kwa sababu wengi huichukulia kama kichekesho cha wimbo mmoja, na hapo wanaikosea sana.

Wimbo wenyewe ni "Chaise Longue". Binti anajigamba kwa wazazi kwamba amesoma na kupata shahada, kisha anaiita kwa herufi moja yenye maana ya pili ya faragha. Hatulii hata kidogo kusubiri ucheke, mstari unaofuata unaingia palepale. Besi na ngoma ndizo zinazobeba beti karibu zote, gitaa linakuja baadaye. Ndiyo maana spika ya simu inauharibu: besi inapotea, unabaki na sauti kavu juu ya ngoma, na mzaha unageuka kero. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha kabisa kuurudisha mahali pake.

Kuhusu bando: kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, albamu nzima inakula karibu MB 90, kwa kilobiti 96, kama MB 27. Mimi nashauri ulipie ubora wa juu. Gitaa zenye mkwaruzo na matoazi ni sauti zenye fujo nyingi, na faili ikibanwa sana huanza kutoa mlio wa majimaji. Utausikia vizuri kwenye "Being in Love", wimbo wa kwanza: beti ni za chini, kisha kiitikio kinalipuka, na Teasdale anasema kupigwa ngumi ya tumbo kunafanana na kupenda. Ukiubana, mlipuko unakuwa uji.

Angalia pia "Ur Mum". Baada ya kumchamba mpenzi wake wa zamani mpaka mwisho, Teasdale anatangaza kwamba amekuwa akifanya mazoezi ya kupiga ukelele mrefu, anahesabu, halafu anaupiga kweli. Ukiwa na hedifoni, punguza sauti anapoanza kutangaza. Usiuruke. Hasira iliyofichwa kwenye nyimbo saba zilizotangulia inatokea hapo, na bila ukelele huo utani wote ungebaki ubaridi mtupu.

"Wet Dream" inamjibu mwanaume aliyemtumia ujumbe kwamba amemwota. Anamnanga kwa melodi tamu ambayo utaiimba bila kujua unachoimba, kwa hiyo kuwa makini kama sebuleni kuna wazee au watoto wanaoelewa Kiingereza. "Piece of Shit" nayo isikae kwenye spika ya wote.

Upungufu upo. Kuanzia "Oh No", inayohusu kuganda kwenye simu, mpaka "Supermarket", mzaha unapungua makali kwa sababu mwendo na namna ya kuimba vinafanana mno. Ukisikiliza nyimbo zikiwa zimechanganywa mpangilio hutauona udhaifu huo, lakini utapoteza "Too Late Now", ambayo lazima iwe ya mwisho. Humo anaacha kuwasema wengine, anakiri kwamba maisha ya utu uzima yanamchanganya, na gitaa zinapanda taratibu mpaka zinajaa.

Ukiwa na bando dogo, pakua kwanza "Being in Love", "Wet Dream", "Ur Mum" na "Too Late Now", kwa mpangilio huo. "Chaise Longue" utaikuta tu njiani.