Taa ya upepo: uzoefu wangu gereji

Miezi minne nimeendesha na taa ya njano usoni, ile yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati. Gari langu ni la 2015, lilitumika Uingereza kabla ya kushushwa bandari ya Dar. Kila fundi pancha niliyempitia alitoa geji, akapima, akaongeza upepo, akachukua chake. Mmoja wa Tabata alitaka kuiziba kwa selotepu nyeusi. Kusema kweli nilikaribia kukubali.

Gereji niliyofikia mwisho, kijana aliniambia tu, "Zima, halafu washa tena." Taa ikapepesa kama dakika nzima ndipo ikatulia ikiwa imewaka. "Kaka, tairi zako hazidai upepo. Zingekuwa zinadai ingewaka moja kwa moja. Ikianza kwa kupepesa hivi, mfumo wenyewe unaumwa."

Hakufungua nati hata moja. Alileta kimashine kama simu ya zamani ya vibonye, akakisogeza kwenye valvu ya kila tairi kisome sensa, kile kifaa kidogo cha ndani kinachopima upepo na kulitumia gari taarifa kwa redio. Mbele kushoto: upepo 33, joto nyuzi 41, betri nzima. Mbili nyingine zikajibu vizuri. Nyuma kulia kimya. Akarudia mara tatu, kimya. Betri ya sensa imezibwa humohumo ndani, ikiisha unatupa sensa nzima, na kwa gari la miaka yangu muda wake ulishafika.

Nikajifanya mjanja, nikaenda Gerezani kuinunua mwenyewe kwa bei poa. Sura ileile, kumbe ni ya masafa ya redio ya megahezi 315, na gari langu linasikiliza 433. Elfu sitini ikaota mbawa. Ya gereji ilikuwa ghali zaidi lakini ilifanya kazi. Walipovua tairi, fundi akaisugua sensa iliyokufa kwa kitambaa, akasoma namba iliyoandikwa mgongoni, akainakili kwenye mpya. Gari halikujua kama kuna mgeni.

Zile kofia za chuma za kupendezesha valvu nilizonunua kwa machinga kwenye foleni ya Ubungo, msizitie. Zilikuwa zimegandana na valvu za aluminiamu. Ya nyuma kulia ilikatika nayo mkononi. Tatu nyingine zilitoka kwa oili na subira. Sasa navaa za plastiki.

Lawama yangu moja: waliifunga tairi bila kufanya balansi. Nilipofika 90 kwenye barabara ya Morogoro kiti kikaanza kutetemeka. Nilirudi, wakarekebisha bure na bila ubishi, ila nusu siku yangu ilishaliwa. Nawapa nyota nne.

Wiki ya tatu, karibu na Kibaha, taa ikawaka tena. Safari hii haikupepesa. Nikapaki pembeni, nikapima: ya mbele kulia imeshuka hadi 26, na msumari umekaa kifuani pake.