Izieu: nyumba ya watoto, kwa macho ya mpishi wa kantini

Nimekaa miaka tisa Lyon, Ufaransa, na kila asubuhi nikienda kazini napita ukuta wa gereza la zamani la Montluc. Sijawahi kuuliza habari zake. Mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuja na karatasi ya shule: "Mama mdogo, mwalimu anataka twende Izieu." Ni nyumba ya makumbusho ya watoto wa Kiyahudi waliokamatwa humo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jumamosi nikaazima gari la jirani, tukaenda.

Kwanza njia. Izieu ni kijiji kidogo mlimani, mashariki ya Lyon, juu ya mto Rhône, na kona za kupanda huko si za mwenye tumbo jepesi. Mtoto wangu alifika amekuwa wa kijani. Chakula bebeni kutoka nyumbani. Sisi tulisimama kwenye mgahawa mmoja njiani, jina naliacha, tukaletewa chipsi zilizolala.

Ukifika unaona nyumba kubwa ya shamba, uwanja mbele yake, na milima imejipanga kama imealikwa. Wazo langu la kwanza, nasema kweli, lilikuwa kwamba hapa pangefaa hoteli. Kumbe ndiyo maana palichaguliwa: mbali, pazuri, hapana wa kupitapita. Sabine Zlatin, nesi Myahudi mzaliwa wa Poland, na mumewe Miron waliwaleta watoto hapo Mei 1943, kuwaficha Wanazi, yaani Wajerumani wa Hitler waliokuwa wakiwasaka Wayahudi. Upande ule ulikuwa chini ya jeshi la Italia, na Waitaliano hawakuwa na haraka ya kuwakabidhi Wayahudi kwa Wajerumani. Septemba ile Italia ikasalimu amri, Wajerumani wakaingia wenyewe.

Mimi ni mtu wa jikoni, napikia watoto mia mbili na ushee kila siku, kwa hiyo chumba cha kulia kilinishika miguu. Alhamisi, 6 Aprili 1944, watoto walikuwa kwenye chai ya asubuhi. Gestapo wa Lyon, polisi wa siri wa Wanazi, watu wa Klaus Barbie, wakaja na malori. Wakachukua watoto 44 wa Kiyahudi, wa miaka minne hadi kumi na saba, na watu wazima saba waliokuwa wakiwalea. Léon Reifman, mwanafunzi wa udaktari, aliruka dirishani akajificha. Alipakiwa pia mtoto mmoja wa kijijini asiye Myahudi; huyo walimshusha njiani. Kiongozi wetu alilisema hilo kwa sentensi moja akaendelea, lakini kijana wangu alibaki nyuma. Nilimkuta anahesabu kwa vidole, 44 na mmoja.

Darasa ndilo la kupandia ngazi. Madawati, ubao, basi. Mwalimu alikuwa Gabrielle Perrier, msichana wa miaka 21, aliyepangiwa hapo na serikali Oktoba 1943, kufundisha rika zote chumba kimoja. Wale wavulana wakubwa walisoma bweni Belley, mji wa jirani. Sasa sikilizeni: ile Alhamisi ilikuwa siku ya kwanza ya likizo ya Pasaka. Mwalimu alikuwa amekwenda kwao. Wa bweni walikuwa wamerudi. Likizo hiyohiyo ilimweka mwalimu mbali, ikawaleta wanafunzi mezani. Kengele za shule nazisikia kila siku kazini, na hili silijui pa kuliweka.

Kuna michoro na barua za watoto. Tafuteni za Georgy Halpern, mzaliwa wa Vienna, miaka minane. Wazazi wake walikimbilia Ufaransa naye. Mama akaugua kifua kikuu, mtoto akapelekwa kwenye malezi. Aliwaandikia kama mtoto yeyote aliye mbali na nyumbani. Wazazi hao, Julius na Seraphine, walinusurika vita. Mtoto waliyemweka mahali pa usalama ndiye hakurudi. Mzazi atakayesoma hapo asimame pembeni kidogo, maana wapo wanaopiga picha za madirisha.

Walilazwa usiku mmoja Montluc (ndiyo, ukuta wangu), kesho yake wakapelekwa kambi ya Drancy karibu na Paris, kisha Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Watoto 42 waliuawa huko. Vijana wawili na Miron Zlatin walipigwa risasi Estonia. Kati ya wote waliokamatwa siku ile na kupelekwa, alirudi mlezi mmoja tu, Léa Feldblum. Sabine siku hiyo alikuwa Montpellier, akitafuta pa kuwahamishia watoto.

Jengo la maonyesho lina sehemu ya kesi ya Barbie. Alijificha Bolivia, akaletwa Ufaransa 1983, akashtakiwa Lyon 1987. Simu ya maandishi aliyotuma jioni ileile kuripoti kukamatwa kwa watoto ndiyo iliyomfuata mahakamani, akafungwa maisha. Mimi makaratasi hunichosha, lakini ile ripoti nimeisoma mara mbili: imeandikwa kama ya bohari, idadi, umri, na kwamba fedha na vitu vya thamani havikupatikana.

Nyota tano nawapa. Hawakuweka masanamu wala muziki wa kukuliza. Vyumba vimeachwa na nafasi. Asiyesoma Kifaransa aende na mtu wa kumtafsiria, mimi nilikuwa na wangu. Chini ya miaka tisa au kumi, sioni. Watu wengi niliwaona wanaanzia kwenye jengo la maonyesho. Nyinyi anzeni na nyumba, mkae chumba cha kulia, mpande darasani, mkitoka hapo ndipo mkasome tarehe. Na mchukue sweta hata Juni, upepo wa ule uwanja si wa mchezo.